Rangi Ishirini na Mbili za Jiwe la Mizani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa karakana yetu, Bwana Mkaguzi kutoka Ofisi ya Vipimo, uliyeacha shughuli zako ukaja ingawa hakuna aliyekulazimisha, Mhandisi Mkuu, mafundi wenzangu wa chumba cha majaribio, madereva wa mashindano, mliotuletea injini zenu kwa miaka mingi na kuzifuata kabla hazijapoa, ndugu wageni waalikwa, mke wangu, uliyekaa safu ya mbele ili nisipate pa kukimbilia, na wewe, Dada Stoo, uliyekaa karibu na mlango ili upate pa kukimbilia wewe: habari za asubuhi.

Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema kwamba leo tuna mambo mawili. Tunaifungua rasmi mashine mpya ya kupimia injini, hii iliyofunikwa shuka jeupe nyuma yangu, na tunamuaga mtunza stoo wetu, aliyeitumikia karakana hii kwa miaka ishirini na mbili. Mimi nimeomba ruhusa ya kuongeza jambo la tatu, na Mkurugenzi ameniruhusu, ingawa aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Katika faili la Dada Stoo kuna sentensi moja isiyo ya haki. Ninataka sentensi hiyo itoke humo kabla yeye hajatoka kwenye mlango ule. Ndiyo kazi yangu asubuhi hii, na mengine yote nitakayosema ni njia ya kuifikia.

Wageni wetu, huenda mnajiuliza injini ya gari la mashindano hupimwa vipi. Ukiliendesha gari barabarani litakuonyesha mwendo wake, lakini mwendo una mambo mengi ndani yake: upepo, matairi, mteremko, na wazimu wa dereva. Ukitaka kujua nguvu ya injini yenyewe, huna budi kuizuia. Tunaitoa kwenye gari, tunaifunga kwa boliti kwenye kitanda cha chuma, tunaiunganisha kwa shafti na breki kubwa iliyojaa maji, kisha tunaiacha ivute kwa hasira zake zote huku breki imeishika. Injini inasukuma, maji yanakataa, na breki nzima inataka kuzunguka pamoja nayo. Tunaizuia isizunguke kwa mkono wa chuma wenye urefu wa mita moja kamili, na ncha ya mkono huo inakandamiza mizani. Kutokana na kilo zinazosomeka pale, na idadi ya mizunguko kwa dakika, tunapata nguvu za farasi. Vitabuni mtambo huo huitwa dainamomita. Sisi hapa tumeuita Mizani tangu siku ya kwanza, na sidhani kama tumekosea. Injini inaunguruma hadi vioo vinatetemeka na watu wanaziba masikio, na mwisho wa kelele zote hizo inapimwa kama gunia la viazi.

Lakini mizani yenyewe inapimwa na nani? Hilo ndilo swali ambalo fundi wa majaribio hulala nalo na kuamka nalo. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, injini zikiwa zimezimwa na chumba kikiwa kimya, tunatundika kwenye ncha ya mkono ule jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana. Kama jiwe ni la kilo ishirini, mizani lazima iseme ishirini. Ikisema vingine, tunairekebisha mpaka ikubali. Jiwe ndilo hakimu. Mizani inaweza kuzeeka, taa za kwenye dari zinaweza kufa, mafundi wanaweza kuja na kuondoka, jiwe halibishiwi.

Jiwe hilo ndilo hili, hapa mezani. Tafadhali mtu wa nyuma asimame kidogo alione. Ndiyo, ni hilo jekundu lenye kishikio. Nitawaeleza limefikaje hapa, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Miaka thelathini na moja iliyopita nilikuwa fundi wa majaribio katika karakana nyingine, katika nchi nyingine. Kila mwaka mawe yetu ya mizani yalipelekwa Ofisi ya Vipimo yakahakikiwe. Asubuhi moja ilikuwa zamu yangu. Nikaliweka jiwe hili katika mfuko wa turubai, nikatoka nyumbani mapema niwahi foleni. Sikufika. Nilikuta barabara imefungwa, ofisi zimefungwa, na watu wanakuja mbio kutoka upande ule niliokuwa nakwenda. Nikarudi nyumbani, nikamchukua mke wangu na binti yetu, tukajiunga na waliokuwa wanaondoka. Mfuko ulikuwa bado begani. Naapa sikuwa na mpango wowote. Mtu akiogopa hushika zaidi kile alichokishika tayari.

Siku ya pili njiani mke wangu akaniuliza, "Hivi ndani ya huo mfuko kuna nini?"

Nikamwambia, "Kilo ishirini."

"Kilo ishirini za nini? Za unga?"

"Za chuma."

Akasimama katikati ya njia, mtoto mgongoni. "Wenzako wamebeba sufuria na blanketi, wewe umebeba chuma? Baba, hebu niambie kama umechanganyikiwa ili nijue nimebaki na watoto wangapi."

Mnaona anavyocheka sasa. Siku ile hakucheka.

Mpakani palikuwa na meza. Afisa aliyekaa pale akalitoa jiwe mfukoni kwa mikono miwili, akaligeuza, akaligonga na kalamu. "Hii nini?" Nikamjibu kwamba ni kilo ishirini. "Kilo ishirini za kitu gani?" Nikasema, "Za kitu chochote, bwana. Ukitaka kupima chochote." Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akanirudishia. Lakini bahasha ya vyeti vyangu, vya shule, vya chuo, vya kazi, aliibakiza. Akasema, "Hivi vinahitaji kuangaliwa. Njoo kesho utavichukua." Nilikwenda kesho. Nilikwenda keshokutwa. Nilikwenda siku kumi na nne mfululizo, na kila siku palikuwa na mtu mwingine mezani ambaye hakuwa na habari ya bahasha yoyote.

Ndugu zangu, naomba mlikumbuke jambo hilo dogo. Tangu siku ile sijapenda kukiacha kitu changu juu ya meza ya mtu na kuambiwa nije kesho.

Nilipofika hapa kutafuta kazi, mkurugenzi wa wakati ule, ambaye sasa ametangulia, aliniomba vyeti. Nikamwambia, "Vyeti sina. Nina jiwe." Karakana hii ilikuwa na Mizani, lakini mawe yake yalikuwa yamepotea, na walikuwa wakiipima kwa ndoo za maji zilizojazwa kwa kukadiria. Aliniangalia mimi, akaliangalia jiwe, akanyoosha kidole kwenye mkono wa chuma. "Litundike," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Mzee yule aliona aibu kuniacha nilipe nauli ya basi jioni ile; alinipeleka nyumbani mwenyewe.

Kwa hiyo mnielewe. Kwenu jiwe lile lilikuwa chombo cha kazi. Kwangu lilikuwa shule yangu, chuo changu, na barua ya mwajiri wangu wa kwanza, vyote vimeyeyushwa vikawa kitu kimoja chenye kishikio.

Miaka tisa baadaye akaja Dada Stoo.

Wale mnaoingia stoo leo mnaikuta kila spana imetundikwa ukutani mahali pake, na kila mahali pamechorwa kwa rangi umbo la spana inayokaa hapo. Ukiazima usirudishe, ule mchoro mtupu unakukodolea macho kila ukipita. Hiyo ni kazi ya mikono yake. Kabla yake stoo ilikuwa lundo. Tulikuwa tukitafuta gasketi kama watu wanaotafuta pete iliyoanguka kisimani. Alikuja na vitambaa, kibandiko cha namba, na makopo ya rangi yaliyobaki kwa kila mtu aliyemfahamu, na ndani ya miezi mitatu akakijua kila kitu mahali kilipo hata taa zikizimika.

Siku yake ya kwanza aliniita Mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Sikumsamehe mpaka nilipozeeka kweli.

Mwezi wa kwanza wa kazi yake nikamkabidhi jiwe. Chumba cha majaribio kina mvuke mwingi, kwa sababu maji ya breki yanachemka injini ikivuta sana, na nilikuwa nimeona doa la kutu chini ya kishikio. Nilishtuka kama mtu aliyeona doa kwenye ngozi ya mwanawe. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Dada, jiwe hili lisipate kutu. Kutu inakula chuma, na likipungua hata kidogo, kazi yetu yote ni uongo. Nakuomba, lilinde."

Akauliza, "Nililinde kwa nini, Mzee? Kwa mafuta au kwa rangi?"

Nikasema, "Chochote utakachoona kinafaa." Nikaenda zangu.

Mmesikia? Chochote utakachoona kinafaa. Mimi, fundi niliyesoma vitabu vya vipimo mpaka kurasa zikaachana, nilimwambia hivyo mtu aliyeajiriwa kutunza stoo. Naye aliona rangi inafaa. Kila Januari, baada ya kuhesabu vitu vya stoo, alipaka rangi makabati, ndoo za mchanga za kuzimia moto, na jiwe langu. Rangi yoyote iliyobaki mwaka ule. Kijani tulipojenga ukuta wa nyuma. Kijivu mwaka wa paa jipya. Bluu mwaka binti yangu alipoolewa, kwa sababu yeye ndiye aliyelipaka rangi sanduku la nguo la binti yangu na kopo likabaki nusu. Na kila mwaka nililiona jiwe liking'aa, nikafurahi, nikasema, "Ahsante, Dada, linapendeza."

Yeye ndiye aliyelibeba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kutoka kabatini mpaka kwenye Mizani. Sikumtuma. Alisema mgongo wangu hauaminiki. Na mara kwa mara, akilitua, alikuwa akisema, "Mzee, hili jiwe lako linazidi kuwa zito."

Na mimi nilikuwa na jibu langu moja, ambalo nililiona la kuchekesha sana: "Si jiwe, Dada. Ni uzee wako huo."

Mafundi walikuwa wakicheka. Naye alikuwa akicheka. Miaka ishirini na mbili nimelirudia jibu hilo.

Sasa tuje kwenye mashine mpya. Haitumii maji, inaishika injini kwa nguvu ya umeme, na haihitaji mzee wa kuikodolea macho. Ilipofungwa, miezi mitatu iliyopita, Mhandisi Mkuu aliamua jambo la busara: tuchukue injini moja, tuipime kwenye Mizani ya zamani, kisha siku ileile tuipime kwenye mpya. Mpya ikasoma zaidi. Si sana, chini kidogo ya moja katika mia. Tukarudia, ikasoma vilevile. Kila mtu akailaumu mpya. Mimi nilisema mbele ya mashahidi, ambao nawaona wanatabasamu, kwamba mashine hiyo ina majivuno ya ujana na itatulia ikizeeka.

Ndipo Bwana Mkaguzi akaja na jiwe lake mwenyewe, la kilo ishirini, ndani ya sanduku lenye sufi kama kito. Akalitundika kwenye Mizani yetu. Ikasoma kumi na tisa nukta themanini na tatu. Akaomba jiwe letu, akaliweka kwenye mizani yake ndogo ya safari. Kilo ishirini, na gramu mia moja sabini na mbili.

Wageni wangu, hesabu yake ni nyepesi. Jiwe lililokuwa zito kuliko jina lake tulikuwa tukiliita ishirini, kwa hiyo kila kitu kingine tulikipunja. Injini zote zilizopita katika chumba kile zilitoka na cheti kinachosema zina nguvu kidogo kuliko zilizonazo. Kidogo mwanzoni, na zaidi kila Januari. Sisi tuliogopa kupungua. Tulililinda jiwe dhidi ya kutu kwa moyo wote, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kitu kinaweza kuharibika kwa kuongezewa.

Kosa hilo lilimwangukia mtu. Dereva wetu, ambaye nyote mnamwita Mama Kona, alikuwa na kombe la daraja la injini zisizozidi farasi mia tatu. Cheti chetu kilisema injini yake ina mia mbili tisini na nane. Ilipopimwa upya ilikutwa na mia tatu na nusu. Amelirudisha kombe. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, nikakaa kwenye ukingo wa kiti kama mchumba anayekataliwa, naye akaniambia, "Mzee, kumbe nilikuwa na farasi wawili na nusu waliopanda bila tiketi? Ndiyo maana nilikuwa naona gari lina kelele za watu." Mama Kona, ulinifanya nicheke siku ambayo sikustahili. Nakushukuru.

Lakini nirudi chumbani, siku ile ya ukaguzi. Bwana Mkaguzi akauliza swali lake la haki kabisa: "Jiwe hili lipo chini ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Dada Stoo akasema, "Mimi. Mimi ndiye ninayelipaka rangi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Halijawahi kushika kutu."

Alilisema hilo la mwisho kwa fahari kidogo, hata wakati ule. Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa kunishitaki. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Na mimi, ndugu zangu, nikageuka nikaanza kuangalia geji ya joto la maji, kwenye mashine ambayo ilikuwa imezimwa.

Ripoti ikaandikwa. Sentensi yenyewe inasema: "Kosa limetokana na mtunza stoo kuongeza rangi juu ya jiwe la mizani bila idhini." Nakala ikawekwa katika faili lake. Zilikuwa zimebaki siku chache tu astaafu. Akachukua likizo aliyokuwa hajaitumia, akafunga stoo, akaacha funguo kwa mlinzi, akaenda nyumbani. Hakumuaga mtu. Na mimi nilinyamaza siku tisa.

Siku ya tisa mke wangu alikuwa anamimina chai. Alikuwa ameshasikia habari yote kutoka kwangu, vipande vipande, kila siku kipande. Akaweka birika chini. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, dada wa watu amebeba lawama yako, na wewe unakunywa chai. Alikubebea jiwe miaka yote hiyo. Na hili nalo akubebee?"

Sikuimaliza ile chai.

Sasa nasema lile lililonileta hapa. Bwana Mkaguzi aliniambia kwamba ripoti hubadilishwa pale mwenye kosa anapojitaja mwenyewe mbele ya wale walioipokea. Ninyi nyote hapa ndio mlioipokea. Basi nisikilizeni vizuri.

Idhini ya kupaka rangi ilitoka kwangu, kwa mdomo wangu. Na hilo ndilo kosa langu dogo. Kubwa ni hili: kanuni inasema jiwe la mizani lipelekwe Ofisi ya Vipimo kila mwaka. Ofisi hiyo iko mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Lingepelekwa hata mara moja, rangi ingegunduliwa ikiwa tabaka la kwanza. Miaka thelathini na moja sikulipeleka. Kila mwaka nilitia sahihi kwamba nimelihakiki, na uhakiki wangu ulikuwa kulitazama. Sikufanya hivyo kwa uvivu. Niliogopa kuliweka juu ya meza ya mtu na kuambiwa nije kesho. Wenzangu hawakujua, Dada Stoo hakujua, na hata mimi sikujiambia kwa sauti. Lakini hofu ya mtu mmoja, hata iwe na sababu nzuri kiasi gani, haiwezi kuwekwa katika faili la mtu mwingine. Kosa ni langu. Nimelisema, na waliolisikia ni wengi.

Naona Bwana Mkaguzi ametoa kalamu. Ahsante, bwana. Andika polepole, hatuna haraka.

Nimebakiwa na machache. Asubuhi ile niliyoacha chai, nilikwenda stoo, nikamwomba mlinzi funguo, nikaliweka jiwe mfukoni. Mfuko si uleule. Ule wa zamani ulishachakaa. Nikapanda basi, nikashuka mbele ya Ofisi ya Vipimo. Palikuwa na meza. Msichana aliyekaa nyuma yake akalipokea kwa mikono miwili, akaandika risiti, akasema, "Haya, Mzee wangu. Njoo Alhamisi."

Nilisimama pale muda mrefu mpaka akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nimechelewa tu. Nilikuwa nalileta tangu zamani." Hakunielewa, lakini alinivutia kiti.

Alhamisi nikarudi. Nilifika kabla hawajafungua. Naye akaja, akafungua kabati, akalitoa. Lilikuwa lilelile. Akanipa na cheti. Ndugu zangu, mtu wa miaka sitini na tisa alilia mbele ya kaunta ya serikali kwa sababu amerudishiwa kitu chake.

Nilidhani watalikwangua. Nikamwuliza fundi wao, na yeye akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua: jiwe halina haja ya kuwa ishirini kamili, mradi uzito wake wa kweli ujulikane na uandikwe. Rangi haina kosa. Kosa ni kutoihesabu. Karibu na kishikio, mahali alipopachubua kidogo kuangalia, mkisogea mtaona tabaka zote, nyembamba kama kurasa: kijani, kijivu, bluu ya harusi ya binti yangu, njano ambayo sijui ilitoka wapi, mpaka nyekundu ya Januari hii. Ziko ishirini na mbili. Na cheti, ambacho sasa kinakaa katika faili la karakana na nakala yake katika faili la Dada Stoo, kinasema: jiwe la mizani, kilo ishirini na gramu mia moja sabini na mbili, pamoja na rangi yake.

Mheshimiwa Mkurugenzi, karatasi ya mlangoni inasema kwamba wewe ndiye utakayeifungua mashine mpya kwa kutundika jiwe la kwanza. Tulizungumza jana, na umekubali kumpisha mtu mwingine. Tafadhali, mafundi, ondoeni shuka.

Dada Stoo. Acha kuutazama mlango. Njoo.

Mpisheni apite. Ahsante. Hapana, usinisaidie mimi kushuka, Dada. Shika jiwe lako. Mkono wa mashine ni ule, urefu wake mita moja kamili, kama ule tuliouzoea. Tundika polepole. Hivyohivyo. Achia.

Walio nyuma hamkioni kioo cha namba, basi nitawasomea: ishirini nukta moja saba.

Gramu hizo za ziada ni za kwako, Dada. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuhisi gramu mia moja na kitu ndani ya kilo ishirini. Najua, Bwana Mkaguzi, usinicheke. Lakini katika jengo hili zima, lenye geji sitini na mashine mbili, ni mtu mmoja tu aliyesema kwa miaka yote kwamba jiwe linaongezeka, na mimi nilimjibu kwa mzaha.

Anasema nini? Sema kwa sauti, Dada, wasikie.

Mmemsikia. Anasema, "Mzee, leo limekuwa jepesi."

Kioo kinasema ni lilelile. Miaka ishirini na mbili nilikubishia, dada yangu. Leo sibishi.

Nawashukuru nyote mlionivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba mumpigie makofi yeye, si mimi.